Mkono wa transfa unalaumiwa bure

Ukipita gereji za Nyakato hapa Mwanza utakutana na lalamiko hili: gari limefungwa giaboksi na ekseli za gari jingine, transfa (boksi linalogawa nguvu ya injini kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma) iliyokuwa ya swichi imekuwa ya mkono, na sasa mkono ukishaingia H4 (magurudumu yote manne, mwendo wa kawaida) hautaki kutoka. Mwenye gari anajuta, anataka arudishiwe swichi yake. Nadhani analaumu kisicho na kosa.

Wanaopenda swichi wana hoja, na moja ni nzito. Kompyuta hukataa kuingiza L4 (magurudumu manne, gia nzito ya mwendo wa pole) gari likiwa linakimbia. Mkono unamtegemea dereva asimame kwanza. Tena mkono una N (nyutro). Ukiuacha hapo kwenye mteremko wa Bugando, giaboksi haijashika gurudumu lolote. Gia ya kwanza haisaidii, P ya otomatiki haisaidii, imebaki handibreki tu. Fundi anayekabidhi gari bila kumweleza mteja hilo anahatarisha maisha ya watu.

Lakini swichi ni mota, sensa, waya na kompyuta. Badilisha giaboksi, kompyuta ikose taarifa ya mwendo iliyoizoea, inaweza kugoma kabisa, na itagoma siku umezama kwenye tope jeusi la mbuga, Misungwi au Magu, mvua ikinyesha. Mkono ni chuma kinachosukuma uma wa gia. Ukipinda, fundi yeyote mwenye nyundo anaunyoosha.

Mkono unaoruka wenyewe gari likivuta mzigo nao husingiziwa ubovu. Mara nyingi umefungwa kwenye bodi, wakati transfa inacheza pamoja na injini juu ya raba zake. Injini ikiyumba, mkono unavutwa. Au tundu la sakafuni ni dogo, mkono unagota kabla gia haijaingia yote. Kosa hapo ni la ufungaji.

Sasa huku kung'ang'ania H4. Kwenye transfa ya aina hii, H4 inafunga propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli) ya mbele na ya nyuma zizunguke sawasawa. Chukua difu ya mbele ya 4.1 (propela huzunguka mara 4.1 gurudumu likizunguka mara moja) na ya nyuma ya 4.3, kwa sababu ndizo zilizopatikana kwenye spea za mtumba. Tairi yenye mzingo wa mita 2.5 huzunguka mara 400 kwa kilomita. Propela ya mbele inataka mizunguko 1,640, ya nyuma 1,720. Mizunguko 80, kila kilomita! Na propela zimefungwa pamoja, haziwezi kuachana. Kwenye tope tairi zinateleza na tofauti inapotelea humo, ndiyo maana fundi akijaribu gari kwenye matope haoni kitu. Kwenye lami kavu inabaki ndani ya shafti kama kamba iliyosokotwa, na meno ya gia yanabanwa kiasi kwamba mkono hautoki. Difu zikiwa sawa, kona kali kwenye lami nayo hubana, ila ukirudi nyuma mita chache kwa kunyooka mkono unalegea. Zikitofautiana, ukiendelea na safari unabana tena, hata barabara iwe imenyooka.

Swichi isingeponya hilo. Mota ingeshindwa kuvuta, taa ingewaka, na mwenye gari angepelekwa kununua mota nyingine huku difu zikiendelea kukwaruzana. Mkono angalau unakuwezesha kuhisi kwa kiganja kwamba kuna kitu kimebana.

Kwa hiyo kabla ya kung'oa chochote, weka transfa H2 (magurudumu ya nyuma pekee) na giaboksi N, zuia magurudumu kwa mawe, inua gurudumu moja la nyuma kwa jeki. Lizungushe mara 20, mwenzako ahesabu propela. Kwa kuwa gurudumu la pili limesimama, propela huzunguka nusu tu: 4.1 itakupa 41, 4.3 itakupa 43. Fanya hivyo na mbele, habu (kufuli za magurudumu ya mbele) zikiwa zimefungwa. Hesabu zikipishana, rudi kwa aliyekuuzia ekseli.