Wengi Wape? Jaribio la Asch Lina Majibu Mawili

Mwaka 1951 mwanasaikolojia Solomon Asch aliwaonyesha watu kadi mbili: moja yenye mstari mmoja, nyingine yenye mistari mitatu. Kazi ilikuwa kutaja kwa sauti mstari unaolingana na ule wa kwanza. Chumbani alipimwa mtu mmoja tu. Waliobaki walikuwa wamepangwa, na katika raundi 12 kati ya 18 wote walitoa jibu lilelile lisilo sahihi kabla zamu yake haijafika.

Karibu theluthi moja ya majibu yake katika raundi hizo ilifuata kosa, na takriban robo tatu ya waliopimwa walifuata angalau mara moja. Bila shinikizo hilo, makosa hayakufika asilimia moja ya majibu. Wengi wanaolisimulia jaribio hili huishia hapo: binadamu ni bendera, hufuata upepo. Hiyo ni nusu ya jedwali. Karibu theluthi mbili ya majibu ilibaki sahihi, na robo ya watu hawakuyumba hata mara moja.

Pia kufuata mkumbo si tabia moja. Mwaka 1955 wanasaikolojia Deutsch na Gerard walitenganisha sababu mbili: kuwategemea wengine kwa taarifa, na kutaka kukubalika. Ya kwanza mara nyingi ni busara tu. Usipoliona jambo vizuri, macho ya wengine yana thamani. Ya pili ndiyo hatari, na ndiyo iliyotawala zaidi kwa Asch, maana mhusika aliporuhusiwa kuandika jibu lake faraghani, kufuata kulishuka sana ingawa sauti alizisikia zilezile.

Idadi nayo inadanganya. Mtu mmoja aliyetoa jibu la kosa hakumtikisa mhusika, watatu walitosha, na kuongeza wengine hakukubadilisha mengi. Kilichovunja nguvu ya kundi ni mwenzi mmoja aliyesema ukweli: kufuata kulishuka hadi robo ya kiwango cha awali. Mwenzi huyo alipowageukia walio wengi katikati ya jaribio, shinikizo lilirudi.

Kwa anayeendesha vikao, basi, mpangilio una uzito kuliko mawaidha ya ujasiri. Kila mjumbe aandike msimamo wake kwa siri kabla ya mjadala, na mwenyekiti aseme mwisho. Akitangulia yeye kisha mikono ikanyooshwa, kinachohesabiwa ni heshima kwake, si maoni. Kumteua mtu aigize upinzani husaidia kidogo kuliko inavyodhaniwa. Mwanasaikolojia Charlan Nemeth alionyesha kuwa mpinzani wa kweli huchochea fikra zaidi. Ila usiri una gharama: karatasi isiyo na jina haiulizwi sababu, na mwenye utaalamu huhesabiwa sawa na anayebahatisha.

Wakosoaji wana hoja nyingine: wageni wasiojuana, mistari isiyo na faida wala hasara, wanafunzi wa kiume wa Marekani. Watafiti Bond na Smith walipokusanya majaribio 133 ya aina hiyo kutoka nchi 17, mwaka 1996, walikuta kiwango kimeshuka Marekani tangu miaka ya 1950, na kiko juu zaidi katika jamii zinazotanguliza kundi kuliko mtu binafsi. Asilimia za Asch basi ni za mahali na wakati wake; athari ya mwenzi mmoja ndiyo ningeiweka mbele.