Mtungi Unaogopwa, Sigiri Inalala Ndani

Ukitaka kujua akili za watu wa nyumbani kwako, waletee mtungi wa gesi. Mimi nimeuleta wa kilo 6 hapa Busia, upande wetu wa Uganda, nikidhani naondoa moshi. Nimeondoa usingizi wangu.

Shangazi yangu anaupita ubavu ubavu, kitenge kakikusanya mkononi. Ukiwasha jiko, yuko nje. "Mwanangu, hilo litatulipua." Ndiyo, shangazi. Mtu atabishana vipi na dada ya baba yake? Sasa ngoja mvua inyeshe jioni. Shangazi huyo huyo anabeba sigiri yenye makaa mekundu, anaingia nayo chumbani, anafunga dirisha, anaziba upenyo wa mlango kwa gunia, anajifunika blanketi aote moto. Hapo hakuna anayeogopa! Na makaa kwenye chumba kilichofungwa yanatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Kichwa kinauma, unadhani malaria, unalala, na kuamka si lazima. Gesi ya mtungi nayo kwa asili hainuki. Wameitia uvundo makusudi ili ikivuja ujue. Mtungi unakupigia kelele, sigiri inakubembeleza. Lakini nani anisikilize?

Shemeji ndiye kiboko. Moto ukipungua, anaulaza mtungi chali. "Ya chini imebaki, mzee." Shemeji, mle ndani ni maji ya gesi! Mtungi unasimama ili mvuke tu ndio utoke juu. Ukiulaza, maji yenyewe yanaingia kwenye regyuleta, na moto unaruka kukutafuta nyusi. Akitaka kujua imebaki kiasi gani, uzito wa mtungi mtupu umegongwa pale juu karibu na valvu. Apime kwa mizani ya muuza mahindi, atoe, basi. Anasema hesabu zinachosha. Kuulaza hakumchoshi.

Juzi usiku uvundo ukatoka kweli. Shangazi akapiga yowe, akakimbilia swichi ya taa aone inatokea wapi. Nikamfokea: "Usiguse hiyo!" Cheche ndogo ya swichi inatosha kabisa, tena gesi hii ni nzito kuliko hewa, hairuki juu ikaenda zake, inajitandaza sakafuni, pale pale tulipotandika mikeka. Nikafunga valvu gizani kwa kupapasa, nikafungua mlango na madirisha, nikawatoa wote uani na matandiko yao. Mvua inanyesha, bila shaka.

Asubuhi jirani akaja kusaidia. Kaja na kiberiti! Eti apitishe moto kwenye mpira, panapowaka ndipo panapovuja. Nikamnyang'anya nikampa kikombe cha maji ya sabuni. Tukafungua valvu kidogo, mlango wazi, tukapaka povu kuanzia regyuleta. Kwenye kiungio cha mpira na jiko, kipovu kimoja kikaanza kuvimba taratibu kama shavu la mpiga tarumbeta. Huyo! Mpira ulikuwa umekakamaa na kupasuka, na bana yake imelegea. Nikanunua mpira mpya na bana mbili. Moto sasa ni wa buluu, sufuria haina masizi hata kidogo.

Mnadhani nimeshukuriwa? Shangazi ameshapiga simu kijijini. Hakutaja gesi, hakutaja swichi. Kilichofika kwa wajomba na baba wadogo ni kwamba nimemfokea shangazi yangu usiku, mbele ya watoto, kisha nikamtoa nje kwenye mvua. Na ukiisikiliza hivyo, hata mimi ningejitoza faini. Kikao ni Jumamosi. Nimeambiwa nije na jogoo, na shangazi ameshasema jogoo wa gesi hali, apikwe kwa makaa.

Jogoo nitaleta. Sigiri ikae uani.