Karavani ya Shemeji, Pine Zangu

Sasa miye naomba muntu anielezee. Kwado, fundi wa kuziba pine ku kona yetu hapa Lubumbashi, mutoto niliyemuona akizaliwa, asubuhi sijakunywa hata chai, anapiga pine yangu ya nyuma teke, anatema mate pembeni, anasema kwa sauti ya kusikika mpaka ku avenue ya pili: "Papa, hii pine ilishakufa, muko natembeza maiti."

Hivyo tu. Hata pole hakuniambia. Aliniambia bei ya kuitoa.

Mi si muntu wa kubishana na batoto. Nikavaa miwani, nikaweka mikono nyuma, nikaizunguka ile Hilux polepole vile ba injeniya ba mine banafanya wakati mashini imewashinda, nikamwambia "tutaangalia". Halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikatukana peke yangu.

Juu ile pine haikukufa kifo ya Mungu. Iliuawa, na muuaji namujua, anakula bukari mu nyumba yangu, anaongeza na sombe, halafu anauliza kama samaki ya Kasenga imeisha.

Shemeji alirudi toka Afrika Kusini na karavani. Siyo friji, siyo televizyo, karavani. Nyeupe, na mapazia madogo ya maua, na vitanda vya kukunja, na ziko la gazi lenye mioto mbili. Ameivuta na gari la kukodi Zambia yote mpaka ku mupaka wa Kasumbalesa, na Kasumbalesa munaijua, siongezi neno. Ya nini? "Yaya, tutakuwa tunaenda kufanya kamping ku Kiubo, tunaangalia maporomoko, tunapumzika." Miye nimelala chini ya gari njia ya Kasenga na mbu mu masikio mara mingi tu, gari imekufa, na hakuna hata siku moya muntu aliniambia nilikuwa napumzika. Tena shemeji hana gari. Eko na karavani, miye niko na pikapu, bibi yangu akasema basi ni Mungu amepanga.

Mungu hajapanga kintu. Angepanga, angeweka mulango upande muzuri. Ile karavani ilitengenezwa ku inchi benye kutembelea kushoto, kwa hiyo mulango wake unafungukia kushoto. Siye tunatembelea kuume. Unasimama pembeni ya barabara ya Likasi, unafungua mulango na adabu zako zote, unashuka na kikombe ya chai, mbele ya kamyo yenye tani za shaba. Shemeji anasema ni kintu kidogo, tutazoea.

Lakini shida ya kweli ni pine. Siku tuliyoivuta mpaka ku njia ya Likasi, ile karavani ilianza kutembea nyuma yangu kama bata anayerudi nyumbani jioni. Huku, kule, huku, kule. Ukisukuma breki inazidi. Nikaacha mafuta, nikashika volani na mikono mbili, nikaomba kwa Kiswahili, kwa Kifransa na kwa luga ya babu yangu. Tukasimama. Nikafungua ile karavani (mulango, kamyo, munajua) nikakuta bibi amepanga mbabula, gunia ya makala, magunia mbili ya unga na kreti ya bia, yote nyuma kabisa. Shemeji njo alimushauri: "Weka nyuma, kichwa ikiwa mwepesi pikapu haitachoka."

Uongo mutupu! Muntu yeyote aliyevuta remorke anajua kichwa yake inapaswa kukandamiza pikapu, kama sehemu moya ya kumi ya uzito wote. Karavani ya kilo 1200, unataka kilo 120 hivi zikalie ile boli ya kuvutia. Ukiweka mizigo nyuma, kichwa inanyanyuka, mukia njo unaanza kuendesha gari. Tukahamisha makala mbele, ikatulia kidogo. Kidogo. Juu kosa ingine ilikuwa mu pine zenyewe, ubavu laini, pine ya kumubeba mama na mwamvuli ku misa. Ukivuta kintu kizito ule ubavu unajikunja kila kona, gari inayumba juu ya magurudumu yake yenyewe, na moto unaingia mu kaucho. Ule moto njo uliiua. Kwado hakukosa. Alikosa adabu, lakini pine aliisoma vizuri.

Basi nikaanza kutafuta. Kwanza duka ya pine mupya, ile yenye vioo na kiyoyozi, mama mwenye kucha ndefu akanionyesha moya: LT 265/70R17, 121/118S. Hizo LT ni za gari za kazi, ubavu mugumu, na ile 121 ni kusema pine moya inabeba kilo 1450. Nikaipenda. Akaniandikia bei ya ine ku kikaratasi, nikakumbuka niko na batoto ku masomo. Nikamwambia nitarudi. Tena zile ni ngumu, zinapenda upepo mingi, gari ikiwa tupu zinakurusha mpaka figo zinabadilishana nafasi. Nilijifariji hivyo.

Mwenye filimbi ku rond-point akanisimamisha juu ya pine kuwa laini. Tulielewana.

Ndipo nikaenda ku komini ya Kenya, hapa hapa mu muji, ku ba okazyo, benye kuuza pine zilizokwisha kutumika. Munaijua ile safu. Pine zimepangwa mpaka juu ya paa, zote zimepakwa siraji ya viatu, zinang'aa kuliko viatu vya bwana harusi. Kijana anayeuza akaniona ile miwani, akakimbia. "Papa! Karibu papa! Pine ya Uropa hii, ilitembea ku gudroni tu, mwenyewe alikuwa mama muzee, anaenda kanisa, anarudi."

Nikainama, nikasoma. 225/65R17, 102H. Nikamuuliza, kijana, hii 102 ni nini? Hakufikiri hata sekunde. "Ni dola, papa. Lakini tunaweza kushusha."

Nikavuta pumzi. Nikamwelezea polepole, na upole, namna mwalimu anaelezea mbele ya inspekta: 102 ni uzito, kilo 850 kwa pine moya. Mbili za nyuma ni 1700 juu ya karatasi, na hizi ni za gari ya kutembea, siyo ya kazi, kwa hiyo ku pikapu unapunguza tena. Sasa weka kitanda ya pikapu imejaa, weka kichwa ya karavani, weka shemeji. Na hiyo H ni mbio, kilometa 210 kwa saa. Nitakimbia 210 wapi? Kufika Likasi mbele ya nani?

Bantu walikuwa wameanza kujaa. Hapa kwetu ukisema namba mbili kwa sauti, tayari eko na kamati. Papa moya mwenye kofia akasema 102 ni kilo za shofere. Mwingine akasema yeye anavuta mahindi na pine za taksi tangu zamani na hajakufa. Mama wa maandazi akasema munanunua pine ao munafanya egizamini, munaziba njia.

Kijana akaona nina akili, akaingia ndani kabisa, akatoka na ingine kifuani, anaibusu. "Papa, hii ni kipimo yenu." Na kweli, 265/65R17, 112S. Kilo 1120, na mbio za 180 zinazotosha hata kukimbia madeni. Meno marefu. Siraji safi. Nikaanza kulainika moyo. Halafu nikageuza nikatafuta ile namba ine za mwisho, zile za DOT, mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Nikapangusa na mate.

5010.

Wiki ya 50, mwaka 2010. Mu muji huu kuna muntu asiyejua wiki ya 50 ya 2010? Tarehe 14 Desemba, Abu Dhabi, timu yetu ya mpira, Mazembe, imepiga Internacional ya Brazil 2-0, tarehe 18 ni fainali ya dunia ya ba klabu na Inter Milan! Nikasema kwa sauti, bila kufikiri: "Hii pine ilitoka kiwandani wiki ya fainali ya Mazembe."

Sikupaswa kusema. Soko ilisimama. Mwenye kofia akavua kofia. Mwingine akasema tulipigwa 3-0 lakini tulikuwa Waafrika ba kwanza kufika pale, mwingine akasema refa, mwingine akasema refa gani weye ulikuwa hata haujaoa. Mama wa maandazi akaacha maandazi. Na kijana wangu, ile pine mukononi, macho yamefunguka, akasema: "Papa! Basi hii ni pine ya istorya. Ongezeni dola kumi."

Namwelezea kaucho inazeeka hata ikilala ndani, inakauka, inapasuka ubavu, ikishapita miaka kumi unaitupa hata meno yakiwa mazima. Nani anasikiliza? Mwenye kofia ameshapanda juu ya ile pine kuonyesha namna Kidiaba, kipa wa Mazembe, alikuwa anaruka na matako. Anaruka, bantu banapiga makofi, anaruka tena, "munaona? iko nguvu!", na miye niko naangalia ubavu, kila akiruka siraji inapasuka na ndani yake kunafunguka nyufa, ndefu, nyingi, ningeweza kuingiza funguo ya gari. Akashuka, suruali ya kaki matako nyeusi. Akaanza kumutukana kijana. Kijana akasema atalipa pine ya istorya juu ameiharibu.

Nikataka kuondoka. Kijana akanikimbilia, bila istorya sasa, akatoa mbili za mwisho kabisa, zilikuwa nyuma ya mulango, vumbi tupu, hazijapakwa kintu. 112S. Namba ya tarehe: 2221. Nikazikunja, nikaingiza mukono ndani nikatafuta kiraka, nikazinusa hata. Nzima. Kumbe alikuwa nazo! Zilifichwa juu hazing'ai, wateja hawazitaki. Tukapigana bei mpaka jua likabadilika upande, tukakubaliana, nikatoa ile noti yangu ya dola 100 niliyoichunga mu Biblia.

Akaiinua ku jua. Akaigeuza. Akaita ndugu yake. Ndugu yake akaita mubadilishaji wa makuta. Bote batatu banaangalia kichwa ya yule Muamerika namna ba daktari banaangalia radyo ya mapafu.

"Papa, hatupokei hii."

"Juu ya nini?"

"Iko na kidonda kidogo hapa ku kona. Tena ni ya 2006. Imezeeka."

Imezeeka. Yeye! Saa hiyohiyo alikuwa ananiuzia kaucho ya 2010 na kuongeza bei juu ya uzee wake. Nikamuuliza, makuta ya Marekani inabeba kilo ngapi hata iogope kuzeeka? Inavuta karavani? Inapita ku mashimo ya Likasi? Nikaanza kupiga kelele, miye, muntu wa heshima, muzee wa kanisa, mama wa maandazi njo alinishika mukono akanipa andazi moya akasema papa, kaa kidogo. Nikakaa. Juu ya pine ya istorya. Suruali yangu ni ileile ya komunyo ya mutoto, sasa iko na duara nyuma, na bibi anauliza nilikaa na nani.

Nikarudi bila pine. Shemeji amenipokea ku mulango, anauliza kama nimechukua zenye meno ya matope, zile kubwa kabisa za sinema, juu zinapendeza mu picha. Meno ya matope! Ku gudroni zinalia, zinakula mafuta, na breki ku mvua ni sala. Sikumjibu. Kwanza nani atalipa? Tangu karavani iingie mu parsele hajanunua hata boli moya, lakini ameshanunua viti vya kukunja, na ya kwake iko na mahali pa kuweka glasi.

Tena safari yenyewe sioni itakuwa lini. Mama mukwe alifika toka Likasi juzi, akaona ile karavani, akauliza ni nyumba ya nani, na bibi yangu bila hata kuniangalia akasema ni ya wageni. Sasa analala mule. Amesema godoro la mule ni muzuri kuliko la kwetu, na nani ataenda kumwambia mama mukwe atoke? Weye utaenda? Ametundika nguo zake ku kile chuma cha kuvutia. Asubuhi anagonga kioo ya jikoni anaomba maji ya moto, na leo ameniita kwa adabu yote, "mukwe wangu", anasema usiku kitanda inainama upande wa kichwa, pengine ni pine ya huko kushoto imeshuka, nimuitie kwado.

Na kwado ni yuleyule.