Sikujirusha, Niliteleza

Kabla hamjanitumia tena ile video: ninayo. Nimeshatumiwa hata na watu nisiowajua. Aliyeirekodi ni huyu rafiki yangu ninayelala naye karavani moja, yeye kitanda cha juu, na chini ya video kaandika kwamba "nilijirusha" majini. Sikujirusha. Niliteleza, tena taratibu.

Tuliegesha karavani, tukapanda kwa miguu hadi kwenye maporomoko. Pembeni pana nguzo za basalti, yaani mawe ya volkano, zilizosimama wima, zimebanana, nyingi zina pembe sita. Watu wakaanza kubishana kwamba ni magofu. Mimi penye ubishi sinyamazi, mnanijua. Nikapanda jiwe bapa karibu na maji ili nionekane vizuri. "Ndugu zangu, hii ni lava. Lava ikipoa husinyaa, ikisinyaa hupasuka, na nyufa zake..."

Hapo mguu wa kushoto ukaanza safari.

Jiwe linalorushiwa maji mchana kutwa huota utando wa mwani. Ukiukanyaga kwa soli iliyolowa, shauri yako. Kwanza nikachuchumaa, nikijifanya nachunguza jiwe. Bado nateleza. Nikakaa. Bado. Nikashika majani, yakang'oka, tukaendelea nayo. Ubaya wa kuteleza polepole ni kwamba watu wanapata nafasi ya kujipanga. Rafiki yangu alitoa simu, AKAFUTA KIOO CHA KAMERA KWA SHATI, ndipo akaanza kurekodi. Bibi mmoja akapaza sauti: "Lala chali, mwanangu, lala chali!" Nikalala chali. Mwendo ukaongezeka. Nikasikia krrrr: mshono wa suruali, kuanzia kiunoni kuelekea kusikojulikana. Nikapita mbele ya mtoto, akanipungia mkono. Nikampungia. (Msinicheke, adabu ni adabu.)

Halafu chubwi! Nikapiga mayowe: "Sijui kuogelea!" Jamani, chini ya maporomoko maji huchimba shimo refu kwelikweli, kwa hiyo hofu yangu ilikuwa na elimu ndani yake. Nikaendelea na mayowe mpaka mtu akaniambia nisimame. Nikasimama. Maji yakaishia magotini.

Mengine hayana maana. Nilirudi kwenye karavani kinyumenyume, nimejifunga taulo la watu, na mwenzangu nyuma ameinua simu juu anatafuta mtandao.

Jioni mlango ukagongwa. Yule bibi. Nikajua kaja kunipa pole.

"Mwanangu, hukumaliza. Hizo nyufa zikawaje?"

Suruali ilikuwa bado imeanikwa nje, kwa hiyo nikafungua dirisha kidogo tu, nikatoa kichwa. "Lava ikipoa sawasawa, bibi, nyufa hukutana tatutatu kwa nyuzi 120. Ndiyo maana zinatoka pembe sita."

Akafikiri.

"Mbona mimi nimehesabu moja ina tano?"

Nikafunga dirisha.