Stephen Fox na mshahara wa siku 18

Sir Stephen Fox alikuwa mlipaji wa mishahara ya jeshi la Uingereza kuanzia mwaka 1661, mfalme Charles II alipokuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka uhamishoni. Wanaomkumbuka leo humkumbuka kwa makato: katika kila pauni ya mshahara wa askari, shilingi moja ilibaki kwake. Alizaliwa mwaka 1627 katika familia isiyo na cheo huko Farley, kijiji cha Uingereza, lakini mwaka 1680 mwandishi John Evelyn aliandika katika shajara yake kwamba mali ya Fox haipungui pauni 200,000. Ukiziweka habari hizi mbili pamoja, hukumu inakuja yenyewe: mnyonyaji.

Hesabu yenyewe nzito. Pauni ilikuwa na shilingi 20, kwa hiyo alikata sehemu moja ya ishirini. Kwa mwaka mzima ni mshahara wa siku 18. Askari wa miguu wa kawaida alilipwa pensi 8 kwa siku (shilingi moja ilikuwa pensi 12), na humo humo alikula, alikunywa na kukatwa gharama ya nguo zake. Mtu wa namna hiyo ukimwondolea siku 18 atazisikia. Tena sheria ya wakati ule iliweka riba isizidi asilimia 6 kwa mwaka, ilhali Fox alichukua asilimia 5 kwa fedha alizowatangulizia askari, ambazo mara nyingi hazikumaliza mwaka kabla Hazina ya serikali haijamrudishia. Siwezi kusema wanaomlaumu hawana hoja.

Lakini askari alinunua nini kwa siku hizo 18? Alinunua uhakika wa kula wiki hii. Hazina ililipa kwa kuchelewa, miezi kwa miezi. Fox alikopa kwa jina lake mwenyewe kwa masonara wa London, ambao ndio waliokuwa benki za siku zile, akawapa askari posho kabla serikali haijatoa kitu. Januari 1672 mfalme alisimamisha malipo ya madeni yake, na baadhi ya masonara hao wakafilisika. Hatari ya namna hiyo Fox aliibeba kwa miaka.

Jeshi la majini halikuwa na Fox wake. Baharia alipewa karatasi ya ahadi ya kulipwa, na njaa ilipombana aliiuza kwa bei ya hasara. Juni 1667 Waholanzi waliingia mto Medway, wakachoma meli za Waingereza karibu na bandari ya Chatham na kuikokota meli ya kivita Royal Charles hadi kwao. Samuel Pepys, aliyekuwa ofisa wa jeshi la majini, aliandika kwamba ndani ya meli za adui zilisikika sauti za Waingereza wakipiga kelele kwamba zamani walipigania karatasi, sasa wanapigania fedha taslimu. Kila ninapoipima ile shilingi moja, narudi kwa mabaharia hao.

Lipo shtaka jingine, na hilo silitetei kwa nguvu hiyo. Mikono iliyowalipa askari iligawa pia fedha za siri za mfalme kwa wabunge, na Mei 1679 Bunge lilimbana awataje waliopokea. Hata hivyo hakuwa kibaraka: mwaka 1667 mfalme alitaka Clarendon, waziri wake wa zamani, aangushwe, na Fox aliyekuwa mbunge alikataa kumpigia kura ya kumwangamiza.

Evelyn, katika ukurasa ule ule wa pauni 200,000, anasema mali hiyo ilipatikana kwa uaminifu na bila kuonewa wivu, jambo alilolihesabu kuwa karibu na muujiza. Alikuwa rafiki, na neno la rafiki lina mipaka yake. Ila mwaka 1682 jiwe la msingi la makao ya askari wazee liliwekwa Chelsea, London. Fox alikuwa miongoni mwa walioshinikiza yajengwe, akatoa fedha zake, na sehemu ya makato yale yale ikaelekezwa huko. Wazee wa kwanza waliingia mwaka 1692. Sehemu ya zile siku 18 ikawarudia waliokatwa, japo kwa wale wachache tu waliojaliwa kuzeeka.