Mheshimiwa Naibu Waziri, pensheni ya wazee lini hasa?

Mbukwenyi wadau. Sisi wa Dodoma Bunge likianza tunajua hata bila kuangalia taarifa ya habari, bei ya gesti inapanda, magari ya V8 yanajaa barabarani na wauza nyama choma wanatabasamu. Mi kwangu cha maana ni kile kipindi cha maswali asubuhi saa tatu. Hotuba za bajeti nawaachia wenye subira zao, ila maswali na majibu nafuatilia kwenye simu nikiwa naendelea na kazi zangu, tena nashukuru maana mwaka 2016 TBC walipokata matangazo ya laivu tulikuwa tunaletewa vipande tu usiku.

Sasa kuna swali moja limekuwa kama mtoto wa hapo hapo bungeni. Mbunge anasimama, anauliza ni lini Serikali italeta muswada wa sheria ya wazee, na ni lini wazee wote wa nchi hii wataanza kulipwa pensheni hata kama hawakuwahi kuajiriwa. Naibu Waziri anasimama na karatasi yake, "Mheshimiwa Spika, kwa niaba ya Waziri naomba kujibu swali la Mheshimiwa Mbunge kama ifuatavyo", halafu unasikia kwamba Serikali inatambua mchango wa wazee, mchakato unaendelea, na hali ya uchumi ikiruhusu jambo hilo litafanyika. Makofi ya meza. Maswali mawili ya nyongeza, la kwanza linageuka kuwa shukrani kwa kituo cha afya, la pili linaomba barabara. Kwisha, tunahamia wizara nyingine.

Jamani. Sera ya Taifa ya Wazee ilitoka mwaka 2003. Watoto wakapata Sheria ya Mtoto 2009, watu wenye ulemavu wakapata sheria yao 2010, wazee wakabaki na sera, na miaka zaidi ya ishirini baadaye wabunge walikuwa bado wanauliza muswada uko wapi. Na sera huwezi kuishika ukaenda nayo mahakamani ukasema nadai hiki.

Kuna watu watasema lakini Katiba ipo. Ni kweli ipo, ibara ya 11 inasema kabisa mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa mtu kupata msaada wa jamii wakati wa uzee, maradhi au ulemavu, ukiisoma unaweza ukafurahi ukaanza kucheza. Ila rudi nyuma kidogo usome ibara ya 7, pale imeandikwa kwamba mambo ya sehemu hiyo hayadaiwi mahakamani. Yaani umepewa na umenyang'anywa kwenye kitabu kimoja, kurasa chache tu zimepita. Ndo maana mi nasisitiza sheria, hiyo ndiyo ingempa bibi wa Mvumi kitu cha kushika mkononi.

Halafu usimwambie mbunge wako basi alete muswada binafsi. Anaweza kuleta muswada wa mambo mengine, ila ukigusa hela ya Mfuko Mkuu wa Hazina ya Serikali unakutana na ibara ya 99 ya Katiba, inataka pendekezo la Rais liletwe na Waziri. Kwa hiyo pensheni ya wazee wote mlango wake ni mmoja tu, na funguo anayo huyo huyo anayesimama kusema mchakato unaendelea. Ukilijua hilo ndo unaona kwa nini jibu lake la dakika mbili lina uzito kuliko kelele zetu zote za vijiweni.

Wengi wakibanwa wanakimbilia TASAF, ule Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, wanasema wazee tayari wamo kwenye mpango wa kunusuru kaya maskini. Na mi sitaki kuibeza TASAF, hasa mimi mtu wa huku, maana majaribio yenyewe ya kuwapa watu hela mkononi yalianzia Chamwino hapa jirani mwaka 2010, pamoja na Bagamoyo na Kibaha, na wazee wa miaka 60 walikuwemo kwenye yale majaribio. Kikwete akaja kuzindua mpango mkubwa 2012, Magufuli akazindua awamu ya pili 2020, ikafikia zaidi ya kaya milioni moja. Nimeona nyumba za tembe zikibadilika kuwa za bati, nimeona mama kanunua mbuzi wawili na mbuzi wakazaana, na ukifika kijijini siku za malipo hata gulio linachangamka. Hiyo hela inafanya kazi, anayebisha aende akaangalie.

Lakini angalia inavyotoka. Kaya ndiyo inayolipwa, na inalipwa kwa sababu ni maskini, uzee peke yake hautoshi. Majina yanatajwa kwenye mkutano wa kijiji, halafu kuna dodoso, kompyuta inapiga hesabu zake inasema huyu yumo huyu hayumo. Mzee mwenye kuta za tofali alizojengewa na mwanae aliyeko Dar, ambaye hajapiga simu tangu Pasaka, kwenye dodoso anaonekana ana afadhali. Malipo yanakuja kila baada ya miezi miwili, na siku hizi mengi yanapita kwenye simu na benki, kitu kizuri kwa kijana ila mzee wa Bahi laini iko kwa jina la mjukuu, na mjukuu naye ana shida zake. Halafu kaya ikionekana imeinuka inahitimu, inatoka. Mtu wa miaka 30 anaweza kuhitimu umaskini, sawa, ila uzee mtu anahitimuje? Na sehemu kubwa ya hizo hela zinategemea mkopo wa Benki ya Dunia na wafadhili, mpango una tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha.

Niliongea na mzee mmoja pale Majengo, nikamwamkia nikamuuliza, mzee wangu, ukikosa hiyo hela ya TASAF ya dirisha hili la malipo unamdai nani? Akacheka, akasema, "Mwanangu, ya kupewa unaidai wewe?" Basi nikanyamaza.

Na msiniambie haiwezekani. Zanzibar walianza pensheni jamii Aprili 2016, kila aliyefika miaka 70 analipwa, walianza na elfu ishirini kwa mwezi, hakuna cha dodoso la kuta wala bati. Najua Zanzibar ni ndogo, na sensa ya 2022 ilionyesha nchi nzima ina wazee kama milioni 3.5 ukianzia miaka 60, hesabu yake si ya kitoto. Basi anzeni na 75. Anzeni na 80! Ila andikeni kwenye sheria.

Mbona wao waheshimiwa wana sheria yao ya mafao ya viongozi wa kisiasa tangu 1999, Bunge likivunjwa kiinua mgongo kinatoka, sijawahi kusikia mtu anaambiwa asubiri uchumi uruhusu. Na wafanyakazi walipolalamikia kikokotoo, ile asilimia ya mafao wanayolipwa kwa mkupuo wakistaafu, waliongezewa, bajeti ya 2024 waliokuwa wameshushwa hadi asilimia 33 wakapandishwa 40. Walikuwa na sheria ya kubishania. Mkulima wa mtama aliyelima Ugogo miaka hamsini hana hata asilimia ya kulalamikia.

Kwa hiyo mbunge ukipata nafasi ya nyongeza achana na shukrani za zahanati. Uliza muswada utasomwa mara ya kwanza mkutano gani wa Bunge, uliza umri utakuwa miaka mingapi, uliza mpango wa TASAF ukiisha wazee waliomo wataangukia wapi. Naibu Waziri akijibu mchakato, yatabaki kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, na sisi tutayasoma.

Bunge la bajeti linaanza Aprili na maswali yanatakiwa kupelekwa mapema, kama una namba ya mbunge wako mtumie sasa hivi kabla hajakwambia foleni imejaa. Wa kwangu nimemwandikia, katuma kidole gumba tu, tuone.