Greenham Common: nani hasa aliyeyaondoa makombora?

Jioni ya tarehe 5 Juni 1944, Jenerali Eisenhower wa Marekani alifika Greenham Common, uwanja wa ndege za kijeshi kusini mwa Uingereza, kuwaaga askari wa miamvuli wa Divisheni ya 101 ya Marekani waliokuwa wakienda kurukia Normandy, Ufaransa. Picha za ziara ile bado zinatembea. Vita vilipokwisha uwanja ukafungwa, kisha mwaka 1951 Wamarekani wakaufufua kwa ajili ya ndege zao za mabomu ya nyuklia.

Ubishi ulikuja baadaye. Mwaka 1979 NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, iliamua kuleta Ulaya makombora mapya ya nyuklia kujibu makombora ya SS-20 ya Wasovieti, na Greenham ikapangiwa 96. Septemba 1981 wanawake waliotembea kwa miguu kutoka Cardiff wakapiga kambi langoni kuyapinga. Desemba 1982 wapatao 30,000 wakashikana mikono kuzunguka uzio mzima. Makombora yakaja vilevile, Novemba 1983.

Waliounga mkono uamuzi wa NATO husema: Wasovieti walisusia mazungumzo ya kupunguza silaha, wakarudi, na mwaka 1987 Reagan wa Marekani na Gorbachev wa Umoja wa Kisovieti wakasaini mkataba uliofuta aina nzima ya silaha hizo. Usingekuwa na kombora, ungebadilishana nini? Hoja hiyo siipuuzi. Ila pendekezo la pande zote kutobaki na kombora hata moja la aina hiyo Reagan alilitoa Novemba 1981, mwezi mmoja tu baada ya waandamanaji kufurika Bonn na London. Kusema kelele za barabarani hazikuwa na sehemu ni kujitia upofu. Kusema ndizo zilizomleta Gorbachev mezani, nako ni kuzidisha chumvi.

Kwangu, ushindi wa wanawake usio na ubishi uko kwingine, na hautajwi sana. Uwanja ule ulikaa juu ya ardhi ya malisho ya pamoja. Wanawake waliposhtakiwa kwa kuingia ndani ya uzio wa uwanja, wawili wao walikata rufaa hadi Baraza la Malodi, wakati huo mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, ambalo mwaka 1990 liliamua kwamba sheria ndogo waliyoshtakiwa nayo ni batili, kwa kuwa ilikanyaga haki za wenye malisho. Jeshi zima likakwama kwenye haki ya kuchunga ng'ombe!

Makombora ya mwisho yaliondoka Machi 1991. Njia ya kurukia ndege ikavunjwa, na mwaka 2000 ardhi ikafunguliwa kwa umma. Ng'ombe wanalisha tena pale, karibu na maghala sita ya makombora yaliyoachwa yamesimama, sasa yakilindwa kisheria kama kumbukumbu.